Mijakaranda Iliyozama Tindigani

Juzi nilikwenda Usa River kumwona mjukuu wangu, aliyeajiriwa kwenye bustani ya hoteli moja ya watalii, na sijacheka namna ile tangu meno yangu ya mbele yang'oke. Kule mwisho wa bustani, mahali ambapo hata chura anafikiri mara mbili kabla ya kukanyaga, vijana wamepanda miti ya Krismasi thelathini kwa mstari ulionyooka. Yote imekufa. Imesimama pale, rangi ya kutu, kama askari waliofia kwenye gwaride bila mtu wa kuwaambia waanguke. Nikamwuliza kiongozi wao, kijana mwenye ovaroli safi kuliko shati langu la kanisani:

"Mwanangu, hii miti imekufa kwa nini?"

Akanijibu bila haya: "Imekosa maji, babu."

Imekosa maji! Na yeye mwenyewe amesimama kwenye tope mpaka kwenye vifundo vya miguu, mpira wa kumwagilia mkononi, anaimwagilia maiti. Ndipo nikaamua kununua daftari na kuandika haya. Shule yangu iliishia darasa la nne, na hilo la nne nililimaliza kwa kusukumwa, kwa hiyo msitafute hapa maneno makubwa. Tafuteni udongo.

Kazi hii ya bustani niliianza wakati wa Mwingereza, kwa mlowezi mmoja mwenye shamba la kahawa huko juu ya Usa River, kwenye miteremko ya Meru. Nilikuwa na miaka kama ishirini, na kichwa kilikuwa kimejaa ndoto mpaka pa kuweka akili hapakubaki. Nilijiona nimevaa kofia ya kaki, nimeshika fimbo, nawaonyesha wageni wa Kizungu: hapa ni mawaridi, hapa ni kivuli changu cha kunywea chai. Hakuna aliyeniambia kwamba mtunza bustani anatazama juu mara moja kwa siku, tena kuona kama mvua inakuja. Muda uliobaki anatazama chini.

Chini ya uwanja wa nyasi wa nyumba ya mlowezi yule, tuliyemwita Bwana, kulikuwa na tindiga. Ninyi mnaosema kinamasi, semeni tu, ni kitu kilekile: ardhi inaonekana ardhi, ukiweka mguu inaunyonya hadi gotini, ukiutoa mguu kiatu kinabaki. Maji ya tindiga lile yalichuruzika polepole mpaka chini ya mkuyu mmoja mkubwa, na pale kwenye mizizi yake ndipo palipokuwa na chanzo cha mfereji wetu. Kutoka hapo mfereji uligawanyika. Mkono mmoja ulikwenda kwenye mashine ya Bwana ya kumenya kahawa. Wa pili uliteremka kwenye vihamba vyetu, yaani mashamba ya kuzunguka nyumba zetu, na kila nyumba ilipewa maji kwa zamu. Zamu ya mama yangu ilikuwa kila siku ya nane. Alikuwa mjane, na kila alichokuwa nacho, migomba, magimbi na kahawa kidogo ya ada ya shule ya wadogo zangu, kilikuwa kinaishi kwa siku hiyo moja.

Mzee wa mfereji alikuwa baba yangu mkubwa, Nderingo, mtu mfupi mwenye ulimi mrefu. Yeye ndiye aliyepanga zamu na kuamua ugomvi, na yeye ndiye aliyelinda sheria. Sheria ya kwanza kila mtoto wa kwetu aliijua kabla ya kuijua Sala ya Bwana: mkuyu wa chanzo haukatwi. Si tawi, si ukuni, si jani la kufunikia chungu. Atakayekata, nyumba yake inarukwa zamu. Wakati wa kiangazi hiyo ni siku kumi na sita bila tone shambani, na mgomba hausubiri siku kumi na sita.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu, maana sitaki mdhani nilizaliwa nikijua.

Memsahibu, mke wa Bwana, alitaka tindiga lile liwe mahali pa kupendeza. Alikuwa na kitabu kikubwa cha picha za miti ya kwao, na jioni alikaa nacho barazani akipindua kurasa kama mtu anayechagua kitambaa cha gauni. Hivyo ndivyo wengi wenu mnavyochagua miti mpaka leo, isipokuwa sasa kitabu kimo ndani ya simu. Mnauliza ua lake ni rangi gani. Hamwulizi mguu wake unataka kukaa wapi.

Akaniita. "Wewe jua mti mzuri? Maua mingi?"

Mimi nilikuwa nimeshuka Arusha mjini wiki ile, nikaiona mijakaranda ya barabarani imetoa maua, na chini barabara yote ya zambarau, hata punda wa mkokoteni anakanyaga zambarau. Nikaiwaza rangi ile juu ya maji.

"Jakaranda, memsahibu," nikasema, kama mtu aliyesomea.

Sikujiuliza jambo moja tu: ile ya mjini imesimama wapi? Imesimama kwenye mteremko, kwenye udongo unaopitisha maji kama chujio. Mimi namchukua ndugu yake nampeleka kisimani.

Miche kumi na miwili ikaletwa, mirefu kunizidi mimi. Hilo nalo ni kosa, andikeni: kwenye tope panda mche mdogo. Mche mrefu una kichwa kikubwa na mizizi ya kitoto, upepo ukija unayumba kama mlevi. Yangu iliyumba, nikahitaji vigingi vya kuifungia. Msitu wa kukata fito ulikuwa mwendo wa nusu saa kupanda mlima. Mkuyu wa chanzo ulikuwa hatua thelathini.

Ndiyo. Nilikata.

Nilisubiri mchana, watu wote wakiwa kwenye kahawa, nikapanda nikakata matawi kumi na mawili yaliyonyooka, unene wa kifundo cha mkono. Mkuyu ukikatwa unatoa utomvu mweupe kama maziwa, na utomvu ule ungenisema kwa watu. Nikapaka tope kila kigingi, juu mpaka chini. Hata vidonda vya mti mwenyewe nikavipaka tope. Kisha nikavikita, nikafunga miche yangu kwa kamba za migomba, nikarudi nyuma kidogo kuangalia. Niliona tayari maua yanaelea juu ya maji. Kijana mwenye ndoto ni mtu wa hatari kuliko mwenye panga, na mimi siku ile nilikuwa na vyote viwili.

Kesho yake baba mkubwa akapita kukagua chanzo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Unafanya nini hapo?"

"Napanda mijakaranda, baba."

"Mimi naona unaizika. Mchungaji umemwita?"

Nikacheka, kwa kuwa moyo wangu ulikuwa kwenye vile vigingi, nikiomba asivitazame sana. Hakuvitazama. Alikuwa anatazama udongo.

"Chimba hapa," akasema, "mpaka kiwiko chako."

Nikachimba. Tope la juu lilikuwa jeusi, lenye kupendeza. La chini likatoka rangi ya majivu yenye ubuluu ndani yake.

"Nusa."

Nikanusa, nikarudisha kichwa nyuma. Yai bovu.

"Huo udongo hauna pumzi," akasema. "Mti wako unafikiri unakunywa tu? Unapumua pia, tena huku chini. Mimi nikikutia kichwa kwenye mtungi wa maji, utaniambia asante kwa kukuondolea kiu?" Akanyoosha mkono kwenye matete. "Yule amejifunza kupumua akiwa amezama. Na magimbi yamejifunza, na mkuyu. Huyu mgeni wako wa mjini hajajifunza. Atakufa, na akifa usiseme hukuambiwa."

Hicho ndicho kipimo, vijana, na hakina duka linalokiuza. Chimba hadi kiwiko, tazama rangi, nusa. Rudi asubuhi yake. Ukikuta shimo limejaa maji, achana na mparachichi na mjakaranda, na hiyo miti yenu ya Krismasi pia. Halafu tazama kinachoota pale chenyewe bila kuombwa. Hicho ndicho kimekwishakufanyia mtihani na kupasi.

Mimi nilifanya nini baada ya kuambiwa yote hayo? Nilisema moyoni kwamba wazee hawapendi maua.

Masika yakanyesha. Mijakaranda ikaanza kuwa ya njano. Nikasema ina njaa, nikaitilia samadi, ikawa kama kumlisha ugali mtu anayezama. Ikanyauka. Nikasema ina kiu. Nikaimwagilia. Someni tena hapo: nikaimwagilia. Sasa mnaelewa kwa nini yule wa ovaroli sikumpiga na mkongojo.

Ilipokuja baridi ya mwezi wa saba, kumi na miwili yote ilikuwa kuni. Memsahibu akasikitika, nami nikalia kidogo nyuma ya banda la zana, maana kila mche nilikuwa nimeupa jina. Hapo ndipo alipotokea Bwana Najua.

Jina lake si hilo, sisi ndio tuliompa. Alikuwa mlowezi wa shamba la jirani, mwenye buti za mpira zilizofika mapajani, na kila sentensi yake ilianza na "mimi najua." Akasimama ukingoni mwa tindiga, pale pakavu, mikono kiunoni.

"Mimi najua dawa ya hii. Mikaratusi! Panda mia moja. Miaka mitatu tu, memsahibu cheza tenisi hapa."

Bwana akapenda. Yeye hakujali maua, alichukia mbu. Siku chache baadaye masanduku ya miche ya mikaratusi yakateremshwa kutoka kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa Bwana Najua, yakapangwa kwenye kivuli cha jiko. Bwana akaniita.

"Jumatatu wewe toa ile takataka. Panda hii."

"Ndiyo, Bwana."

Mkaratusi nilikuwa naujua. Ni mti mzuri wa nguzo na kuni, unakua upesi, hauombi samadi. Lakini unakunywa kama mgeni wa harusi ya matajiri, mchana na usiku, na mia moja ya hiyo juu ya chanzo ingekausha tindiga, na tindiga likikauka mfereji ni shimo la kutupia majivu. Mama yangu angepata zamu ya vumbi. Na nyumba zote za chini yake pia. Nikikataa, nafukuzwa, anakuja mwingine kupanda. Nikipanda, nimeua kihamba cha mama kwa mikono yangu mwenyewe, tena kwa mshahara.

Jumatatu nikateremka na jembe, polepole, kama mtu anayekwenda kung'olewa jino. Nikashika mjakaranda wa kwanza, ukatoka bila ubishi, mizizi imeoza inanuka. Nikashika kigingi chake.

Hakikutoka.

Nikakivuta kwa mikono miwili. Kimejikita. Nikainama, na pale chini ya kamba ya mgomba nikaona vijani viwili, vibichi, vidogo kama masikio ya panya. Nikaenda kwenye kigingi cha pili: majani. Cha tatu: majani. Niliyoipanda kwa mapenzi ilikuwa imekufa, na vile nilivyovikita kwa wizi vilikuwa vinaota. Tisa katika kumi na viwili! Kumbe lile tope nililovipaka kuficha utomvu ndilo lililovizuia visikauke. Fundi gani duniani amewahi kufaulu kwa kuficha kosa lake?

Sikufikiri. Nikakimbia barazani, tope mpaka mapajani.

"Memsahibu! Memsahibu, njoo uone!"

Akaja, akainama, akagusa jani. "Nani panda hii?"

"Mimi, memsahibu."

"Wewe jua itaota?"

Hapo ningeweza kusema kweli. Nikaiona ile kofia ya kaki. "Nilijua, memsahibu. Nilikuwa najaribu."

Akafurahi kama mtoto, akamwita mumewe. Mumewe hakufurahi. Alinitazama kama mtu anayetazama noti iliyochanika, akatuma watu wawili: mmoja kwa Bwana Najua, mwingine kwa Nderingo, kwa sababu mambo ya maji hata Wazungu walijua kwamba aulizwe yeye.

Basi tukasimama watano ukingoni mwa tindiga. Baba mkubwa akaingia kwenye tope miguu mitupu, akaenda mpaka kwenye kigingi, akachuma jani moja, akalivunja. Maziwa yakatoka. Akageuka akanitazama. Alikuwa ameelewa, maana ndani ya hatua thelathini kulikuwa na mkuyu mmoja tu.

"Mzee," Bwana akasema, "huyu sema hii miti taweza kaa hapa. Kweli?"

"Kweli, Bwana. Mkuyu unashika udongo, na maji hauyamalizi."

"Mti ya nyani!" akasema Bwana Najua. "Mimi najua. Hapana faa."

Baba mkubwa akamwuliza Bwana kwa upole, kama anauliza habari za watoto: "Bwana, mashine yako ya kumenya kahawa inakunywa wapi?"

Bwana akatazama tindiga. Akafuata maji kwa macho mpaka kwenye mkuyu, kutoka kwenye mkuyu akafuata mkono wa mfereji mpaka kwenye bati la mashine yake. Akatazama masanduku kando ya jiko. Mwisho akamtazama Bwana Najua.

"Maji mingi hapa," akasema Bwana Najua, lakini sauti ilikuwa imepungua urefu.

"Hata kwako yalikuwa mengi kabla ya mikaratusi," akasema baba mkubwa. "Lile bwawa la nyuma ya zizi lako. Bata wako siku hizi wanaogelea kwenye nini, Bwana?"

Memsahibu akageuka upande wa pili, mabega yanatikisika. Bwana hakucheka. Akanielekezea kidole.

"Mpaka masika. Kabla ya masika mimi taka kuona miti hapa yote, pande zote. Miti hai. Kama hapana, wewe kwenda, mikaratusi kuingia." Na masanduku yakabaki palepale kwenye kivuli cha jiko.

Tukateremka njia ya nyumbani, mimi nyuma yake.

"Asante, baba."

"Asante ya nini? Mimi nimesema habari za mashine. Habari za panga lako sijazisema bado."

Nikazidi kumfuata.

"Vigingi tisa haviwezi kujaza tindiga lote," akaendelea bila kugeuka. "Unahitaji arobaini, na miti mingine ya kuchanganya. Utavitoa wapi? Utapanda tena mchana kama tumbili?"

"Nitaomba ruhusa."

"Vizuri. Jumamosi pembe inapigwa, watu wote wa mfereji wanakuja kuzibua. Omba hapo. Watakuuliza umejuaje kwamba mkuyu wa chanzo unaota kwa kigingi."

"Baba, si ungewaambia wewe tu? Wewe ni mzee wa mfereji."

Akasimama, akageuka. "Kwa sababu baba yako alikuwa mdogo wangu, niseme uwongo mbele ya watu ninaowagawia maji? Kesho nani atakubali zamu kutoka kwangu?"

Nilimweleza mama jikoni. Alikuwa Mlutheri wa benchi la mbele, mwenye sauti ya kuongoza nyimbo, na sauti ile alinimalizia mimi. "Kumi na mawili? Tawi moja halikukutosha, ukakata kumi na mawili? Ulikuwa unajenga safina?" Alipochoka akaiangalia migomba kupitia mlangoni. Kiangazi kilikuwa kimeanza. Mkungu wa kwanza ulikuwa unakaribia kukomaa. Mwisho akasema, "Nenda kaseme. Mimi nitabaki hapa niionee huruma migomba yangu."

Jumamosi pembe ikalia. Wanaume walikuja na majembe na sururu, wakazibua matope toka chini mpaka chanzoni, na pale chini ya mkuyu wakapumzika. Baba mkubwa akasema tu, "Huyu ana neno."

Nikasimama. Ndoto zote zikanitoka. Nikasema nilikata matawi kumi na mawili, nikasema lini, nikaonyesha vidonda vilivyopakwa tope. Nikasema nilimwambia memsahibu kwamba nilijua, na sikujua. Sikujua jakaranda itakufa, sikujua mkuyu utaota. Nikaomba matawi mengine arobaini.

Kisha jirani yetu mmoja, Loti, mtu wa masihara hata msibani, akaangua kicheko.

"Kwa hiyo vigingi vimemzidi akili!" akapiga kelele. "Bwana Miti wetu! Alipanda mti ukafa, akachomeka ukuni ukaota!"

"Apewe na jiwe apande, tupate nyumba!" akaongeza mwingine.

Wakacheka mpaka wengine wakakaa chini kwenye matope. Nami nikaanza kucheka, machozi yananitoka, sijui ya upande gani. Baba mkubwa peke yake hakucheka. Alingoja watulie, akatoa hukumu: nyumba ya mama yangu inarukwa zamu moja, kama sheria ilivyo. Na matawi nipewe, kwa sababu chanzo ni cha wote.

Halafu akachukua panga langu akapanda mwenyewe, ili nione inavyokatwa. Tawi la unene wa kifundo cha mkono, la mti uliokwisha kupukutisha majani, wala lisiwe la upande unaotia maji kivuli. Kichwa kikatwe bapa, mguu ukatwe mshazari, ili usije ukalipanda kichwa chini miguu juu. Msicheke, nimewaona watu wazima wakifanya hivyo. Tope kwenye kichwa, tope kwenye kidonda cha mti. "Lile tope ulifanya vizuri," akasema kwa taabu, kama mtu anayetema mbegu.

Wiki iliyofuata walikuja mmojammoja, bila kuitwa. Huyu kaleta miche ya msesewe, ule ambao magome yake wanatilia pombe ya mbege, mti usioachana na kingo za mito. Yule kaleta mizambarau ya porini. Loti akaleta miche mitano na matusi sita. Tulipanda wakati wa ukame, maana tindiga linapandwa likiwa limeshuka, mizizi ishike kabla maji hayajarudi. Mikuyu katikati penye maji, misesewe na mizambarau pembeni juu ya vichuguu vya udongo vya kufika gotini. Samadi hakuna. Wanaochimba shimo kwenye tope na kulijaza samadi wananitia uchungu wa tumbo: wamechimba bakuli, wamepika supu, wanashangaa mti umeiva.

Zamu ya mama ikarukwa. Majani ya migomba yakakunjika, mkungu ukasimama haukui. Lakini sheria ilisema mfereji, haikusema ndoo, na wake wa hao hao walionicheka wakapita kwa mama kila jioni, kila mmoja na debe kichwani, wakimwaga wanaondoka. Mimi nilibeba mengi kuliko wote, na kwa kila debe mama alinikumbusha hesabu: kumi na mawili. Mkungu mmoja tukaupoteza. Migomba ikapona.

Na nitawaambia jambo ambalo sikumwambia Loti hata alipokuwa anakufa. Ile mikaratusi kwenye masanduku kando ya jiko, niliimwagilia. Kila asubuhi. Ilikuwa adui wa mama yangu, na ingenitoa kazini, lakini ilikuwa miche, ilikuwa inainama kwa kiu, na mimi sikuweza kupita. Ikanifika kiunoni.

Kabla ya masika Bwana akaja, fimbo mkononi, peke yake. Akazunguka tindiga lote ukingoni. Hakushika kigingi cha pembeni, akaingia kwenye tope na viatu vyake vizuri, akainama akashika cha katikati, akakivuta kwa nguvu. Kikampeleka yeye chini kidogo, chenyewe hakikutoka. Majani yalikuwa yamekuwa mapana kama kiganja. Akajifuta mikono.

"Ile masanduku," akasema, "peleka kule kwa mawe, juu. Kwa kuni."

Akaenda zake kunywa chai.

Nilibaki nimesimama. Baba mkubwa, aliyekuwa chanzoni akijifanya anaondoa majani kwenye maji, akapanda mpaka nilipo.

"Unangoja nini?"

"Nilidhani atasema neno, baba."

"Si amesema? Amesema peleka masanduku." Akaninyooshea jembe. "Na ukimaliza, teremka ukafungue maji. Leo ni zamu ya mama yako."

Nikaanza na maji. Masanduku niliyapeleka kesho yake.